Bedford Iliyopimwa kwa Urefu wa Marehemu

Kwanza hili liwekwe sawa. Mwalimu Generoza hakuitupa maiti njiani. Wapo wanaosema aliitupa. Wanasema hivyo sokoni Mikumi, wanasema hivyo stesheni Kilosa, na wanathubutu kusema hivyo hata Malolo, mahali ambapo waliolipokea jeneza lile mlangoni wangali hai na macho yao yanaona vizuri. Maiti aliichukua, akaifikisha, ikazikwa kwa sala zote. Aliyeachwa njiani alikuwa mzima, mwenye miguu miwili na mdomo mpana, na mdomo huo ndio uliozungusha uongo mpaka leo.

La pili, maana watu wakishika moja huongeza jingine: hakulala na Mgiriki ndani ya gari. Alilala ndani ya gari, naam, Mgiriki akiwa nje na kofia mkononi, amepigwa na butwaa, na kaka yake Generoza akiwa hapo hapo anaona haya. Alilala chali sakafuni amevaa gauni lake la kanisani, tena mchana kweupe, kwa sababu ambayo mtu mwenye akili akiisikia hunyamaza.

Sababu hiyo ilianza mwaka wa Muungano, siku mumewe alipofariki.

Damiano alikuwa mtu wa Malolo, mrefu, mpole, aliyefundisha shule za misheni kwa miaka kadhaa kisha akaingia katika biashara ya vitunguu. Alikuwa na Landrova kuukuu, wazi nyuma, ambayo aliijaza vitunguu Malolo na kuishusha mizigo stesheni ya Kilosa. Gari hilo liliwavisha watoto wake na kuwalipia shule. Kifua kilipomkamata alilazwa hospitali ya Kilosa, na asubuhi moja, Generoza akimpepea kwa daftari, akaacha kuvuta pumzi.

Mpwa wake Onesphory, mtoto wa dada yake, alikuwa mlangoni. Kijana wa kuvaa viatu vya ncha na kuchana nywele njia moja. Aliingia, akamtazama mjomba, akafanya ishara ya msalaba, kisha akaingiza mkono chini ya mto wa marehemu na kuchomoa ufunguo wa Landrova.

Kwa desturi ya kina Damiano, vitu vya mjomba humwendea mpwa, mtoto wa dada, si watoto wa kuzaa. Generoza alilijua hilo. Kwao Lumuma ni vivyo hivyo. Hakuwa na ugomvi na desturi. Desturi ilimpa Onesphory gari. Haikumpa maneno aliyoyasema dakika ile.

"Mwanangu," Generoza alimwambia, "sogeza gari mlangoni, tumpeleke mjomba wako nyumbani."

"Mama, lile ni gari la chakula," Onesphory akajibu. "Likibeba maiti leo, kesho nani atanunua kitunguu kilichotoka ndani yake? Tafuteni usafiri mwingine. Mimi natangulia Malolo kuwapa watu habari."

Akaondoka. Nyuma ya gari hamkuwa hata na gunia.

Usafiri mwingine ulikuwa lori la shamba la mkonge lililokuwa likipeleka mapipa ya dizeli Kidodi. Dereva wake, Mungu amrehemu, alikubali kupindisha njia mpaka Malolo, ila mapipa hakuweza kuyashusha. Jeneza likawekwa katikati yake. Generoza akapanda, na Ida, dada yake Damiano, mama mzazi wa Onesphory huyo huyo, akapanda naye bila kuitwa. Barabara ya Kilosa kwenda Mikumi siku zile ilikuwa mashimo matupu. Kila lori lilipotumbukia, mapipa yaliteleza na kuligonga jeneza, kama mtu anayebisha hodi. Ida akakaa chini, akakanyaga pipa kwa miguu miwili kulizuia.

"Wifi, shika upande wako," alisema. "Huku nimeshika mimi."

Karibu na kijiji cha Ulaya pipa moja liliruka na kumpondaponda kidole cha mguu. Ida hakulia. Hakuondoa mguu. Tangu siku ile Generoza alimpenda mwanamke yule kuliko ndugu zake wa tumbo moja, na kumchukia Onesphory, mtoto wake, kwa kiasi kile kile.

Walipofika Malolo jeneza lilikuwa limelowa dizeli. Watu walioingia kuaga waliziba pua. Katekista, kwa kuogopa moto, akakataza mishumaa isisogezwe karibu. Kwa hiyo Damiano, aliyewafundisha nusu ya kijiji sala ya Baba Yetu, akalala usiku wake wa mwisho gizani kama mzigo ghalani, na kesho yake akazikwa akinuka dizeli. Onesphory alisimama mbele kabisa, suti imenyooka, akipokea pole za watu.

Watoto hawana huruma, na wakubwa hawana zaidi. Kabla ya mwezi kuisha jina lilikuwa limeshatungwa: Marehemu Dizeli. Watoto wa Damiano wakipita, mtu anauliza, "Nani ana kiberiti? Kificheni, watoto wa Dizeli wanapita!" Regina, binti mkubwa, alirudi siku moja kutoka kisimani, ndoo tupu, mdomo umechanika kwa kupigana. Generoza alimfuta damu na hakumwuliza kilichotokea. Wiki iliyofuata aliomba uhamisho, akapewa shule ya Mikumi.

Huko Mikumi nyumba yake ikazidi kujaa. Walikuwepo watoto wake. Wakaja watoto wa marehemu dada yake. Kisha mama yake akateremshwa kutoka milimani Lumuma kwa sababu ya macho. Jumapili waliandamana kwenda kanisani kama shule ndogo. Mmoja akiugua, wengine walisimama barabarani kupunga mikono kwa malori. Ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba nyumba ile inahitaji gari. Alichohitaji Generoza zaidi ya hapo hakumwambia mtu. Alifundisha, akafuga nguruwe, akalima bustani yake ya vitunguu, akaweka akiba na kufunga mdomo.

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha nafasi ikapatikana. Mashamba ya mkonge yalikuwa yamechukuliwa na taifa, wageni wengi wanafungasha, na Kilosa yote ilikuwa inauziana magari. Generoza akamwita kaka yake Stefano, dereva wa serikali, aliyejua injini kwa kuisikiliza tu.

Gari la kwanza lilikuwa Peugeot ya Nikolaus, karani wa mahakama. Ilikuwa nyeupe, imesuguliwa mpaka unaweza kunyolea ndevu ubavuni mwake. Stefano akaipenda kama mchumba. Akafungua boneti, akafunga, akaizunguka, akarudi tena kwenye boneti.

"Dada, hapa umefika," alisema. "Ukishuka kanisani ndani ya hii, padri atasahau mahubiri."

Generoza akafungua mlango wa nyuma, akachungulia.

"Hiki kiti kinalala, Bwana Nikolaus?"

"Cha mbele kinalala kidogo, mwalimu."

"Nikitaka kumlaza mtu amenyooka?"

"Mgonjwa ataegemea tu, mbona wote huegemea."

"Sikusema mgonjwa."

Nikolaus akamtazama Stefano. Stefano akatazama tairi.

La pili lilikuwa Kombi ya masista, gari safi, lisilo na kosa, ila injini yake iko nyuma, na juu ya injini sakafu imeinuka kama jukwaa. Generoza akaweka kiganja pale palipoinuka.

"Kichwa kitakuwa juu, miguu chini," alisema.

"Kichwa cha nani?" Stefano akauliza. "Generoza, unanunua gari au kitanda?"

Generoza akafunga mlango, akatangulia barabarani.

La tatu hawakuliendea, walilikuta. Mgiriki mmoja, aliyekuwa meneja wa shamba, alikuwa anauza vitu vyake uani: viti, redio, kitanda cha chuma, na nyuma ya hivyo vyote Bedford ya kijivu iliyokuwa ikibeba timu ya mpira ya wafanyakazi. Ilikuwa fupi kuliko basi na ndefu kuliko Kombi. Ilikuwa na mabenchi marefu kila upande, yanatazamana. Katikati sakafu tupu, tambarare. Nyuma milango miwili inayofunguka yote kabisa kama kabati.

"Hapana," Stefano akasema kabla hajaulizwa. "Hili ni karandinga. Utakuwa unapita, watu wanauliza umefungwa kwa kosa gani. Na linakunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi."

Generoza alikuwa ameshavua viatu. Akavipanga pamoja chini ya ngazi, akaingia, akalala chali katikati ya sakafu, miguu kuelekea milangoni. Akanyoosha mkono juu ya kichwa chake, kiganja wazi. Damiano alimzidi urefu kwa kiganja. Kiganja hakikugusa kitu. Akaufikisha mkono mbele zaidi, kwa ajili ya ubao wa jeneza. Bado palikuwa na nafasi.

"Stefano, njoo ukae kwenye benchi."

"Dada, watu wanaona."

"Kaa."

Stefano akakaa, ameinamisha uso.

"Magoti yako yananigusa?"

"Hayakugusi."

"Na akikaa mwingine upande wa pili?"

Hapo ndipo Stefano alipoelewa. Alikuwepo Malolo siku ile, alinusa. Sauti yake ikabadilika.

"Hatamgusa," alisema. "Watakaa vizuri wote."

Nje, Mgiriki alimwuliza Stefano kwa Kiswahili chake cha shambani, "Huyu mama mgonjwa?"

"Hapana, bwana. Ananunua gari."

Hiyo ndiyo habari nzima ya kulala kwa Generoza. Aliyeona jambo chafu ndani yake alikuja nalo mwenyewe.

Stefano alimfundisha kuendesha katika uwanja wa shule, na haukupita mwezi akalizoea. Maneno hayakukosekana. Balozi wa nyumba kumi alimsimamisha njiani, mbele ya watu, akacheka kicheko cha mkutanoni.

"Mwalimu, sisi tunajenga Ujamaa, wewe unanunua gari? Si ndiyo mambo ya kupe hayo?"

"Kupe nimewaona, ndugu balozi," Generoza akamjibu kutoka dirishani. "Kupe hanunui gari. Hupanda la mwenzake bure. Wewe Jumamosi utapanda kwenda Kilosa, au utatembea?"

Jumamosi balozi alipanda, akakaa mbele.

Maana Bedford ile haikuwa ya Generoza na watoto wake tu. Ilipeleka wajawazito hospitali, ikapeleka kwaya Kilosa, ikaleta mabati ya zahanati. Na kila ilipotakiwa, ilibeba maiti. Ilibeba ya Mkristo na ya Mwislamu, ya tajiri na ya mlinzi wa ghala. Benchi za pembeni wanakaa wafiwa, katikati analala marehemu wao, na mishumaa, kama wanayo, inawaka. Generoza hakukataza mishumaa kamwe. Watu wa Mikumi wakalizoea gari lile mpaka wakasahau kulicheka.

Aliyekatazwa kupanda alikuwa mmoja. Landrova ya Damiano haikuona hata mwaka wa tatu mikononi mwa Onesphory. Aliiendesha bila maji, akaipindua ikiwa imejaa vitunguu, mwishowe ikakaa juu ya mawe nyuma ya nyumba yake Malolo, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Tangu hapo alikuwa akisimama barabarani kama watu wengine. Generoza akimwona mbali, alikuwa akipunguza mwendo. Onesphory hushika mzigo wake, hujiweka sawa nguo, huanza kukimbilia mlango. Gari likimkaribia kiasi cha kuonana macho, Generoza hukanyaga mafuta. Vumbi lilimaliza yaliyobaki. Alifanya hivyo miaka nenda rudi, na kila mara ilimfaa kama chai ya asubuhi. Waliokuwa ndani ya gari walitazama nje kana kwamba kuna mnyama wa kuangaliwa.

Ida hakuwahi kumwombea mtoto wake nafasi. Yeye alikuwa akija kukaa kwa Generoza wakati wowote alipotaka, akichechemea kwa mguu ule, na alipougua, baada ya Operesheni Vijiji, ni Bedford iliyompeleka Kilosa, amelazwa juu ya godoro sakafuni, Generoza akiyakwepa mashimo moja moja. Alikaa hospitali majuma machache. Jumamosi moja mchana akafariki.

Habari zilifika Malolo kwa dereva wa basi, na jioni, jua bado lipo, Onesphory akatokea Mikumi uani kwa Generoza pamoja na wazee wawili wa ukoo. Viatu vya ncha havikuwepo tena; alivaa makatambuga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni. Poleni."

Wazee wakakaa. Yeye akabaki amesimama, kofia mikononi.

"Mama, tumekuja kwako," alianza. "Mama yetu yuko Kilosa. Hatuna gari."

Generoza alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua.

"Gari unalo, Onesphory. La mjomba wako."

"Mama, lile limeshakufa."

"Nalo limekufa? Pole. Lilizikwa wapi?"

Mzee mmoja akakohoa. Onesphory akapiga magoti, akalia. Na huenda alilia kweli, maana mama ni mama. Generoza akaweka ungo chini.

"Inuka. Ida nilikuwa nimchukue hata usingekuja. Ningemchukua hata angefia Kigoma. Saa kumi na mbili asubuhi muwe hapa."

Walipoondoka alijifunga khanga, akaenda nyumba ya tatu kwa Siwema. Siwema alikuwa mwanamke wa tambarare, Mwislamu, muuza vitumbua, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Ukoo wake na ukoo wa kina Damiano walikuwa watani tangu mababu. Na watani, kwenye msiba, ndio wenye amri: wao huchimba kaburi, huamua nani akae wapi, humtoza mfiwa faini, humtania mpaka acheke na machozi usoni, na lolote watakalofanya, mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Generoza alikaa kwa Siwema mpaka chai ikapoa. Walizungumza.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Miaka ile, kwa ajili ya kubana mafuta, serikali ilikuwa imepiga marufuku magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, na polisi walikuwa barabarani wanaangalia saa zao. Kwa hiyo safari ilikuwa moja tu. Kwenda Kilosa, kumchukua Ida, kurudi Mikumi, na kufika Malolo kabla ya saa nane. Hapakuwa na safari ya pili kurudia watu.

Kutoka Kilosa walirudi salama. Jeneza lilikuwa katikati, limenyooka, limekaa. Wazee na kina mama waliomwuguza Ida walikuwa pembeni. Onesphory alikaa mbele, kando ya dereva, mkono dirishani, akiwaitikia watu waliovua kofia njiani.

Mikumi walikuta uwanja umejaa. Vikongwe wa ukoo, kwaya, wachimba kaburi na majembe yao, wote wanataka kupanda. Na mlangoni mwa gari, amejifunga kaniki kiunoni na kujipaka majivu usoni kama mtani anavyopaswa, Siwema.

"Simameni!" alipiga kelele. "Gari hili leo ni langu! Aliyekufa ni mtumwa wangu, nimemnunua kwa kikapu cha pumba! Vikongwe ndani. Wenye majembe ndani. Kwaya, nusu, wenye sauti mbaya wabaki!"

Watu wakacheka, wengine huku wanajifuta machozi. Siwema akazunguka mpaka dirisha la mbele.

"He! Na huyu bwana harusi ni nani?"

"Mtani, mimi ndiye mfiwa," Onesphory akasema, akitabasamu kidogo.

"Mfiwa! Mfiwa mwenye gari lake la urithi anapanda la watu? Shuka! Kapande Landrova yako, waombe kuku wakupishe!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Hata wazee wale wawili walicheka. Onesphory akashuka huku naye anacheka, maana ndivyo inavyotakiwa. Ukinuna, mtani huongeza. Bibi kizee mmoja akasukumwa mahali pake.

"Haya mtani, faini yangu nini?" aliuliza, akijua mchezo ulivyo.

"Jogoo!" Siwema akasema. "Jogoo mwekundu, mwenye kishungi. Sitaki tetea, sitaki mweupe. Mama yako alikuzaa kwa uchungu, wewe unamsindikiza mikono mitupu? Bila jogoo hupandi!"

Onesphory akamtazama Generoza. Mikono ya Generoza ilikuwa juu ya usukani, macho mbele.

"Mama, mtanisubiri?"

"Siku ya msiba mtani ndiye mwenye gari," alisema. "Kamwulize yeye."

"Kimbia, mrithi, kimbia!" Siwema akaimba, na kwaya ikaitikia.

Naye akakimbia. Mtu mwingine yeyote, wa mahali pengine, angejiuliza. Angeshika mlango asiuachie. Lakini Onesphory alikuwa mtoto wa desturi, desturi iliyompa Landrova, na katika maisha yake yote hajawahi kuona faini ya utani iliyokosa kuishia kwa kicheko na kupandishwa. Alikimbilia sokoni, makatambuga yakipiga kelele, akaanza kukagua majogoo. Mwekundu mwenye kishungi haonekani kila siku.

Siwema akapanda nyuma, akavuta milango, akagonga bati mara mbili kwa kiganja.

"Twende, mwalimu. Saa haisimami."

Bibi kizee wa mbele akasema, "Na Onesphory je?"

"Atatafuta usafiri mwingine," Generoza akasema, akatia gia.

Maneno hayo hayo. Alikuwa ameyaweka tangu mwaka wa Muungano, na alipoyatoa yalikuwa bado makali. Alisema baadaye kwamba njia nzima ya kwenda Malolo, kwa mara ya kwanza tangu awe mjane, hakusikia harufu yoyote isipokuwa ya nta ya mishumaa.

Walifika kabla ya saa nane. Ida alishushwa na mikono mingi, jeneza kavu, safi, mishumaa inawaka kichwani na miguuni. Kaburi lilikuwa tayari, watani wa Malolo wamelichimba tangu alfajiri. Katekista akatazama kushoto na kulia.

"Mtoto wa marehemu yuko wapi? Tumsubiri atupe udongo."

Watani ndio waliokuwa wameshika majembe, na aliyejibu ni Siwema.

"Mfiwa yuko sokoni," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Anachagua kuku."

Hakuna aliyecheka mara hiyo. Katekista alimtazama Generoza, kwa kuwa ndiye aliyeleta maiti. Generoza akainama, akachukua udongo, akasema, "Wifi, huku nimeshika mimi," akautupa. Sala zikasomwa, nyimbo zikaimbwa, kaburi likafukiwa.

Onesphory alipata lori lililomfikisha njia panda, kisha akatembea. Aliingia kijijini jua linazama, vumbi mpaka kwenye kope, na kwapani jogoo mwekundu mwenye kishungi. Watu walikuwa wanakula. Alisimama kando ya kaburi lililokwisha kusawazishwa, jogoo akawika, na mtoto mmoja akashindwa kujizuia. Kicheko kikaenda kutoka mkeka hadi mkeka, kimekabwa na kikapasuka. Onesphory hakuweza kumgusa Siwema, utani. Hakuweza kumshitaki Generoza kwa wazee. Wazee walicheka Mikumi wenyewe kwa meno yao. Alikaa chini akambembeleza jogoo kama mtoto mchanga.

Toka siku ile hakuna anayemwita Onesphory. Anaitwa Mzee Jogoo. Wanawe wakipita, mtu anawika. Na jina la Marehemu Dizeli halijasikika tena Malolo wala Kilosa. Regina aliolewa kanisani kwa jina la baba yake, Damiano, likatangazwa mara tatu kutoka madhabahuni na hakuna aliyekohoa. Ndipo Mzee Jogoo, alipokosa la kufanya, akaanza kueneza kwamba mjane wa mjomba wake alitupa maiti barabarani, kwamba alimhonga mtani, kwamba gari lenyewe alilipata kwa kulala na Mgiriki.

Katika hayo yote ni moja tu ambalo Generoza alipata kuulizwa na mtu mwenye haki ya kuuliza. Regina, mwenyewe akiwa na mtoto wa kiume sasa, alimsaidia mama yake kuosha Bedford siku moja. Walikuwa wanasugua sakafu.

"Mama," alisema bila kuinua uso, "jioni ile ulipokwenda kwa mama Siwema, mlipanga?"

"Nilikwenda kumpa habari za msiba. Ni mtani. Lazima apewe habari."

"Mlikaa muda mrefu."

"Chai ilikuwa moto."

Regina akasugua kidogo, akaacha.

"Na shangazi Ida? Yule alikuwa mtoto wake wa pekee. Alipokanyaga lile pipa kwa ajili ya baba, unadhani angependa mwanawe akose kumtupia udongo?"

Generoza akanyanyuka, akakamua kitambaa, maji yakadondoka mpaka yakaisha. Akaitazama sakafu ile aliyowahi kuilalia.

"Hilo silisemi," alijibu. "Usiniulize leo, usiniulize kesho, wala nikiwa kitandani nakata roho usije ukaniinamia kuniuliza. Leta ndoo."

Regina akaleta ndoo, na habari hiyo haikuzungumzwa tena katika nyumba ile.